Solomon Carter Fuller: Mwafrika aliyesaidia kuufichua ugonjwa wa kusahau

Kama una shosh au guka aliyevuka miaka 70, pengine hali hii unaijua. Ndani ya nusu saa anakuuliza mara nne kama umekula. Anakuita kwa jina la mjomba wako. Siku moja anatoka nyumbani Kangemi akisema anaenda sokoni, anapatikana jioni Uthiru akitafuta nyumba iliyobomolewa kitambo. Nyumbani mnasema ni uzee tu. Jirani ananong'ona kwamba mzee amerogwa, au mbaya zaidi, kwamba yeye ndiye mchawi. Na usidhani maneno hayo ni mchezo. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wanne wa umri mkubwa waliuawa na umati kwa tuhuma za uchawi. Mahali watu wanapowaza hivyo, mzee anayezurura usiku na kuongea yasiyoeleweka anaweza kupoteza maisha kwa sababu ya dalili za ugonjwa.

Ndiyo, ugonjwa. Una jina: Alzheimer. Ndiyo aina ya kawaida zaidi ya ule upotevu wa kumbukumbu na akili ambao wataalamu huuita dimenshia. Shirika la Afya Duniani linasema kufikia 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na dimenshia, na zaidi ya asilimia 60 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao ni sisi.

Jina hilo ni la daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, na watu wengi wakishalisikia wanafikiri hadithi yote ilikuwa ya Wazungu. Sivyo. Katika maabara yake kulikuwa na kijana mweusi aliyezaliwa Afrika Magharibi. Alirudi kazini kwake na maarifa ya Munich, akachungulia bongo za marehemu kwa miaka mingi, kisha akaanza kushuku jambo ambalo watengenezaji wa dawa wanahangaika nalo hadi leo. Huyo ndiye ninayetaka umjue.

Mjukuu wa mtu aliyejinunua

Solomon Carter Fuller alizaliwa tarehe 11 Agosti 1872 jijini Monrovia, Liberia. Ili umwelewe, anza na babu yake. John Lewis Fuller alikuwa mtumwa katika jimbo la Virginia, Marekani. Alifanya kazi, akaweka akiba senti kwa senti, hadi akanunua uhuru wake mwenyewe na wa mkewe. Hebu tulia hapo kidogo. Mtu anamlipa mtu mwingine ili aruhusiwe kujimiliki. Mwaka 1852 wawili hao walivuka bahari wakahamia Liberia, nchi iliyokuwa imejitangazia uhuru miaka mitano tu kabla.

Mwana wao akawa mkulima wa kahawa na ofisa wa serikali, akamwoa Anna Ursula James, ambaye wazazi wake walikuwa wamishonari wenye ujuzi wa tiba. Kwa hivyo Solomon mdogo alikua kati ya shamba la kahawa na stori za dawa. Stori za dawa zikashinda.

Mwaka 1889, akiwa na miaka 17, alifunga safari kurudi katika nchi ileile ambako babu yake aliwahi kuuzwa kama mali. Alisoma Livingstone College, chuo cha watu weusi huko Salisbury, North Carolina, akamaliza 1893. Alianza udaktari New York, akauhitimishia Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1897. Alikuwa na miaka 24.

Sasa jaribu kuwa yeye. Wewe ni daktari mweusi Marekani ya 1897. Wagonjwa weupe wengi hawataki uwaguse. Hospitali nyingi hazikutaki mlangoni. Fuller alipata nafasi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Westborough, jimbo la Massachusetts, na miaka miwili baadaye akafanywa mwanapatholojia wa hospitali hiyo. Wakati huohuo alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Boston.

Kazi yenyewe ilikuwa ile ambayo sisi hapa Nairobi tukisikia jina Chiromo tunashusha sauti. Mgonjwa akifa, Fuller alifungua fuvu, akautoa ubongo, akaukata vipande vyembamba kuliko karatasi, akavitia rangi za kemikali na kuviweka chini ya hadubini. Halafu alifungua faili ya mgonjwa na kulinganisha: huyu alikuwa akisahau, huyu alikuwa akipiga kelele, huyu aliletwa hapa na pombe, huyu na kaswende iliyopanda kichwani. Je, ubongo unasema nini? Alijifunza hata kupiga picha kupitia hadubini ili wengine waone alichokiona.

Wakati huo magonjwa ya akili yaliwachanganya hata madaktari. Wengi waliona wazimu kama jambo la tabia, la ukoo mbaya au la dhambi. Fuller alikuwa katika kundi dogo lililosema tutazame kwanza kiungo chenyewe kabla ya kumlaumu mwenye nacho.

Safari ya Munich

Mwaka 1904 aliamua kwenda kujinoa Ujerumani, maana huko ndiko sayansi ya ubongo ilikuwa imechacha. Katika hospitali ya kifalme ya magonjwa ya akili jijini Munich, bosi alikuwa Emil Kraepelin, mtu aliyepanga magonjwa ya akili katika makundi ambayo mengine bado tunayatumia. Maabara ya chini yake iliongozwa na Alois Alzheimer, ambaye alichagua wageni watano wa kufanya naye utafiti. Mmoja wao alikuwa Fuller.

Hakuwa pale kama mtalii. Maabara ilikuwa na rangi mpya za kutia kwenye vipande vya ubongo, na rangi hizo zilionyesha vitu ambavyo jicho la binadamu halikuwahi kuviona. Fuller alijifunza mbinu hizo kwa mikono yake. Alipata hata fursa ya kukutana na Paul Ehrlich, mwanasayansi ambaye miaka michache baadaye, 1908, alituzwa Nobeli kwa kazi yake kuhusu kinga ya mwili.

Mwaka 1905 alirudi Westborough. Na hapo ndipo historia iliposhika kasi.

Kulikuwa na mama mmoja Mjerumani, Auguste Deter. Alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51 tu. Alikuwa akisahau jina la mumewe, akificha vitu, akiwaogopa watu bila sababu. Alzheimer, ambaye wakati huo alifanya kazi hospitalini humo, alimfuatilia, na hata alipohamia kwingine hakumsahau. Mama huyo alipofariki Aprili 1906, ubongo wake ulitumwa Munich. Chini ya hadubini Alzheimer aliona vitu viwili: madoa ya uchafu uliogandamana kati ya seli, na nyuzi zilizojisokota ndani ya seli kama waya za chaja iliyokaa mfukoni. Novemba 1906 aliwaeleza wenzake kwenye mkutano mjini Tübingen. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Waliendelea na mada nyingine.

Sasa sikiliza. Juni mwaka huohuo, miezi mitano kabla ya Tübingen, Fuller alikuwa ameshazungumzia nyuzi kama hizo katika bongo za wazee waliopoteza kumbukumbu. Kazi hiyo ilichapishwa 1907. Sisemi aliibiwa. Alzheimer alieleza kisa cha mtu ambaye hakuwa mzee, na hilo ndilo lililokuwa jipya. Lakini inakuonyesha kwamba Fuller hakuwa mbebaji wa mkoba wa mtu. Walikuwa wanaukwea mlima mmoja.

Swali la Fuller

Mwaka 1910 Kraepelin aliuandika ugonjwa huo katika kitabu chake na kuupa jina la Alzheimer. Mambo yangeishia hapo: ugonjwa una jina, una madoa, una nyuzi, twende nyumbani.

Fuller hakwenda nyumbani. Mwaka 1911 alichapisha utafiti kuhusu yale madoa katika bongo za wazee. Mwaka 1912 alichapisha kazi kubwa zaidi: aliukusanya kila mkasa wa Alzheimer uliokuwa umeripotiwa duniani, akaongeza mmoja wa kwake, wa tisa kwa hesabu, na akaiweka kwa Kiingereza ripoti ya Alzheimer kuhusu mama yule wa Frankfurt. Kwa madaktari wasiojua Kijerumani, mlango wa kuujua ugonjwa huu ulifunguliwa na mzaliwa wa Monrovia.

Alichokiona kilimkosesha raha. Kuna wazee waliokuwa wamepoteza akili na hawakuwa na madoa ya kutosha kueleza hali yao. Kuna wengine walikuwa na madoa, na akili zao hazikuwa zimeharibika kiasi hicho. Kama madoa ndiyo yanayoleta ugonjwa, mbona hesabu haitoshani? Vilevile hakukubaliana na wale waliosema ni kukakamaa tu kwa mishipa ya damu. Alianza kuona kwamba madoa na nyuzi huenda ni alama za jambo lingine linaloendelea ndani, na kwamba kulikuwa na kazi nyingi kabla mtu hajadai amekipata chanzo.

Fikiria moshi na moto. Ukiona moshi unajua kuna kitu kinaungua, lakini ukipuliza moshi pekee nyumba itateketea bado. Fuller alikuwa anauliza kama madoa ni moto au ni moshi.

Maisha nje ya maabara

Mwaka 1909 Fuller alikuwa kati ya wataalamu waliohudhuria mkutano wa Chuo Kikuu cha Clark huko Worcester, ambako Sigmund Freud na Carl Jung walialikwa Marekani. Mwaka huo pia alimwoa Meta Vaux Warrick, mchongaji wa sanamu aliyekuwa amesomea Paris na kutiwa moyo na Auguste Rodin mwenyewe. Meta ndiye aliyechonga sanamu maarufu ya mwanamke Mwafrika anayezinduka kutoka ndani ya sanda. Walipata wana watatu, wakajenga nyumba Framingham, nje kidogo ya Boston. Baadhi ya majirani weupe walipinga familia nyeusi kuhamia mtaani. Familia ikahamia na ikakaa.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, hospitali ya wanajeshi wastaafu weusi ilifunguliwa Tuskegee, Alabama, mwaka 1923. Madaktari weusi waliopelekwa kule walipitia mikononi mwa Fuller. Aliwafundisha kuitambua kaswende inapofika kwenye ubongo, ili wanajeshi wasiandikiwe wazimu wa kawaida na kuachwa hivyo.

Chuoni Boston mambo hayakuwa mazuri. Alifundisha kwa zaidi ya miaka 30. Alilipwa chini ya wenzake weupe. Kwa takriban miaka mitano aliiendesha idara ya neurolojia bila kupewa cheo cha mkuu wa idara. Halafu mwaka 1933 mwalimu mweupe aliyekuwa chini yake kwa ngazi akapandishwa kuwa profesa kamili na kukabidhiwa idara rasmi. Fuller akastaafu. Chuo kikampa jina la heshima la profesa mstaafu, aina ile ya heshima inayokuja mtu akishafika mlangoni.

Aliendelea kuona wagonjwa nyumbani, akitunza bustani na kujalidi vitabu kwa mikono yake. Lakini kisukari kilikuwa kinamla. Kufikia 1944 kilikuwa kimemnyima macho kabisa. Mtu aliyeishi kwa kutazama vitu ambavyo wengine hawavioni alimaliza miaka yake akiwa kipofu. Alifariki tarehe 16 Januari 1953, akiwa na miaka 80. Baadaye, mwaka 1974, kituo cha afya ya akili jijini Boston kilipewa jina lake.

Dunia iliyofukuza madoa

Kwa miaka mingi baada ya hapo, ugonjwa wa Alzheimer ulionekana kama jambo la nadra la watu wa makamo, na kusahau kwa wazee kukaitwa uzee. Mambo yalibadilika baadaye katika karne ya 20. Mwaka 1984 wanasayansi walitambua protini inayojenga yale madoa. Tuiite amiloidi. Mwaka 1992 likatolewa wazo kwamba amiloidi ndiyo inayoanzisha kila kitu, na pesa nyingi za utafiti zikafuata njia hiyo.

Dawa za vidonge kama donepezil, iliyoidhinishwa Marekani 1996, huongeza nguvu ya mawasiliano kati ya seli za ubongo zilizobaki. Zinasaidia kwa muda. Haziuzuii ugonjwa. Kwa hiyo matumaini makubwa yakawekwa kwenye dawa za kusafisha madoa. Moja baada ya nyingine ikaanguka kwenye majaribio. Nyingine zilisafisha madoa vizuri tu, na mgonjwa akaendelea kusahau. Kumbuka moshi.

Mwaka 2021 Marekani iliidhinisha aducanumab katikati ya mabishano makali, na mapema 2024 kampuni yenyewe ikatangaza kuiacha. Lecanemab ilifanya vizuri zaidi na ikaidhinishwa kikamilifu 2023. Kwa watu walio katika hatua za mwanzo, ndani ya miezi 18, ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27. Donanemab ikafuata 2024. Hayo ni mafanikio ya kweli, ya kwanza ya aina yake, na tusiyadharau. Lakini dawa hizo hazirudishi kilichopotea. Zinaweza kusababisha ubongo kuvimba au kuvuja damu, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha za MRI mara kwa mara. Na lecanemab ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 26,500 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni tatu zetu. Waulize watu wa Kawangware kama hiyo ni dawa au ni shamba.

Madoa yanapungua, ugonjwa unapungua kidogo tu. Swali la 1911 bado liko mezani.

Sasa twende Chiromo

Ukipanda matatu ya Kangemi kutoka katikati ya jiji, ukishapita mzunguko wa Museum Hill unaingia eneo la Chiromo, kabla ya Westlands. Wengi wanajua mochari. Lakini hapo pia ndipo Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifundishia anatomia. Katika miaka ya 1990, Julius Ogeng'o wa chuo hicho, akishirikiana na watafiti wengine wakiwemo wa Tanzania na Marekani, alichunguza bongo za wazee wa Afrika Mashariki ambao hawakuwa na dalili za dimenshia walipokuwa hai. Wakazilinganisha na za wazee wa Cleveland, Ohio. Matokeo yalichapishwa 1996: madoa ya amiloidi yalikuwepo kwa baadhi ya wazee wetu pia, kwa kiwango kinachokaribiana na cha Wamarekani.

Unaona uzito wake? Kwanza, ule usemi kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu ulipata pigo, maana ubongo wa Mwafrika unazeeka kwa njia zilezile. Pili, hawa walikuwa watu wenye madoa na akili zao timamu. Ni mkanganyiko uleule wa Fuller, safari hii umetoka mita chache tu kutoka Waiyaki Way.

Nigeria nayo ikaongeza swali. Watafiti waliwafuatilia wazee Wayoruba wa Ibadan na Wamarekani weusi wa Indianapolis. Mwaka 2001 waliripoti kwamba kila mwaka asilimia 1.15 ya wazee wa Ibadan walipata Alzheimer, ikilinganishwa na asilimia 2.52 kule Indianapolis. Tena jeni iitwayo APOE4, ambayo huongeza hatari kwa watu weupe kwa kiasi kikubwa, haikuwa na nguvu hiyo kwa Wayoruba. Ni kama kuna kitu katika maisha, chakula au damu ya watu wa Afrika kinachozuia moto usiwake hata moshi ukiwepo. Anayekijua ana kipande cha dawa mkononi.

Ndiyo maana utafiti wa hapa si wa kupewa kama sadaka. Desemba 2022 wataalamu walikutana Nairobi na kutoa Tamko la Nairobi kuhusu kupunguza mzigo wa dimenshia katika nchi kama zetu. Chuo Kikuu cha Aga Khan, ambacho hospitali yake iko Parklands, kina taasisi ya ubongo na akili inayotafiti dimenshia kwa Wakenya. Majaribio ya dawa kubwa yamekuwa na watu weusi wachache mno. Dawa ambayo haijajaribiwa kwa watu kama shosh wako, hakuna anayeweza kumwahidi itamfanyia nini.

Njia mpya zinaelekea wapi

Wanasayansi sasa wanashambulia kutoka pande nyingi. Wengine wanazilenga zile nyuzi zilizojisokota, ambazo protini yake inaitwa tau. Wengine wanaiangalia kinga ya mwili ndani ya ubongo. Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kuutambua ugonjwa huu, na hilo ni kubwa kwetu, kwa sababu kupima damu ni rahisi kuliko kutafuta mashine za mamilioni. Ila viwango vyake vinahitaji kuthibitishwa kwa damu za Waafrika pia.

Mwaka huohuo utafiti kutoka Wales ulionyesha kwamba wazee waliopata chanjo ya mkanda wa jeshi walipunguza hatari ya dimenshia kwa takriban asilimia 20 ndani ya miaka saba. Chanjo ya upele, inalinda kumbukumbu! Bado wanatafuta sababu.

Na kisukari, kile kilichomchukua Fuller? Kinajulikana kuongeza hatari ya dimenshia, hivyo watu walikuwa na hamu kubwa ya kuona kama dawa yake ya semaglutide ingezuia Alzheimer. Novemba 2025 majibu yakaja: haikupunguza kasi ya ugonjwa. Hivyo ndivyo sayansi ilivyo. Mlango mmoja unafungwa, unajaribu unaofuata.

Lakini kuna njia moja isiyongoja maabara. Mwaka 2024 tume ya jarida la Lancet ilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya dimenshia duniani vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa kama mambo 14 yangeshughulikiwa. Mengi yanaanza ujanani, umri wako huu. Presha. Kisukari. Sigara. Moshi wa magari. Kugonga kichwa, kwa hiyo ile kofia ya boda unayoikataa kwa sababu inanuka, ivae. Kupoteza uwezo wa kusikia, kwa hiyo ile nganya yenye muziki unaotikisa mbavu kutoka tao hadi Kinoo inakukata nauli mara mbili. Upweke pia umo, na elimu imo. Mimi niliyeacha chuo katikati nilipoisoma hiyo nilisonya, ila wanasema ubongo unaoendelea kupewa kazi maishani una akiba zaidi. Basi soma, hata kama hakuna anayekupa cheti.

Na mzee wako akianza kubadilika, usingoje hadi apotee njia. Mpeleke kliniki. Si kila kusahau ni Alzheimer: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, msongo wa mawazo au dawa anazotumia vinaweza kuleta dalili kama hizo, na hivyo vina tiba. Mwandikie jina lake na namba yako ya simu kwenye karatasi aibebe. Msaidie anayemlea, maana mara nyingi ni mama au shangazi mmoja anayelala macho wazi. Kuna shirika la Alzheimer na dimenshia hapa Kenya linalosaidia familia kuelewa la kufanya. Na jirani akianza tena habari za uchawi, mweleze kwamba tangu 1906 kuna watu wamekuwa wakiuona ugonjwa huu kwa macho, chini ya hadubini, na mmoja wao alizaliwa Monrovia.